Pambo la Maua la Kibaroki: Jinsi ya Kulichora Kwenye Bamba na Kulichapa

Kila ninapoanza na wanafunzi wapya, maswali ni yale yale. Nianze na ua lipi? Mbona majani yangu yanaonekana kama yamebandikwa? Mbona mkunjo nilioelekeza kulia umetoka kushoto? Mbona chapa yote imekuwa nyeusi tii? Nimeona niyajibu hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili ukikaa mezani na bamba lako, yaani kile kipande bapa unachokikwaruza, kukipaka wino na kukichapa karatasini, usibaki unakisia.

Ninaposema Baroki nina maana ya mtindo uliotawala Ulaya miaka ya 1600 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1700. Wakati huo wachoraji wa mabamba, hasa wa Paris, walichapa maelfu ya karatasi za mapambo: mashada, vikapu vya maua, na mimea itambaayo yenye mikunjo ya konokono. Jean Le Pautre (1618–1682) peke yake aliacha chapa zaidi ya 2,000. Karatasi hizo zilinunuliwa na watu wa kazi. Sonara, mchonga mbao, fundi wa plasta na mdarizi walizitandaza karakanani na kutoa humo umbo walilotaka. Ndiyo maana kila jani katika pambo hilo huonyesha limechipuka wapi, kwa kuwa mchongaji hawezi kuchonga jani linaloelea hewani. Ukilishika hilo umeshika nusu ya kazi: anza na shina, ua lije mwisho. Karibu kila pambo baya nililoletewa nilisahihishe lilianzia kwenye ua.

Wao walichora kwa kisu cha kunakshia shaba, au walipaka bamba vanishi, wakachora kwa sindano, kisha wakaiachia asidi kazi ya kuichimba ile mistari. Abraham Bosse, mchoraji wa mabamba, alichapisha kitabu cha mafunzo ya kazi hiyo ya asidi mjini Paris mwaka 1645. Sisi tutatumia sindano kavu, yaani kukwaruza bamba moja kwa moja kwa sindano bila asidi yoyote, juu ya plastiki. Ni salama nyumbani, na makosa yake hayana gharama kubwa.

Mahitaji

- Kipande cha perspeksi (plastiki ngumu inayoona kama kioo) chenye unene wa milimita 1 hadi 2, upana sentimita 8, urefu sentimita 20. Waulize watengeneza mabango. Mabaki wanayotupa yanatosha.
- Sindano ya chuma yenye mpini. Msumari wa zege ulionolewa vizuri na kuchomekwa kwenye kipande cha mti unafanya kazi sawasawa.
- Tupa na msasa laini.
- Penseli, karatasi ya kuchorea, bikari, selotepu, na karatasi moja nyeusi.
- Wino wa mafuta wa kuchapia mabamba. Ukiukosa, chukua rangi nyeusi ya mafuta ya tyubu, iweke juu ya kadibodi usiku kucha ili mafuta yanywewe, asubuhi itakuwa nzito ya kutosha.
- Kitambaa cha shashi, au neti ya pamba. Usitumie chandarua chenye dawa. Dawa ile itaishia kwenye ngozi yako.
- Karatasi ya rangi ya maji ya gramu 200 hadi 300, beseni, na taulo mbili safi.
- Mafuta ya kula na vitambaa vya kusafishia.
- Mashine ya kuchapia ya rola pamoja na blanketi zake za sufu. Kama huna, omba muda kwenye karakana ya sanaa au chuo kilicho karibu nawe. Njia ya kijiko nitaieleza mbele.

Hatua za kazi

1. Tazama kabla ya kuchora. Tenga saa moja. Rijksmuseum ya Amsterdam na Metropolitan Museum ya New York zimeweka picha za chapa zao mtandaoni bure, na unaweza kuzikuza mpaka uone mstari mmoja mmoja. Tafuta Le Pautre kwa mikunjo na majani, Stefano della Bella (1610–1664) kwa mkono mwepesi, na Jean-Baptiste Monnoyer (1636–1699) kwa maua. Weka kidole mwanzo wa shina ulifuate hadi mwisho. Utakuta karatasi nyingine nusu yake ya kushoto haifanani na ya kulia. Mchoraji hakukosea, alikuwa anampa fundi machaguo mawili kwenye bamba moja.

   Wengi wetu wa pwani macho yetu yamelelewa na nakshi za milango ya Zanzibar na Lamu. Naipenda sana nakshi ile, lakini hapa itakupotosha usipoangalia. Mmea wa mlangoni hukaa karibu na uso wa ubao na kujaza nafasi sawasawa. Mmea wa Kibaroki hujikunja kukujia, hurudi nyuma, hutupa kivuli, na huacha sehemu za karatasi wazi kabisa.

2. Chora fremu na wimbi. Kwenye karatasi, piga mstatili wa sentimita 6 kwa 18. Ndani yake chora kwa bikari duara tatu zinazokaribiana, kila moja ya kipenyo cha sentimita 5. Sasa pitisha mstari mmoja kama wimbi la bahari: juu ya duara la kwanza, chini ya la pili, juu ya la tatu. Huo ndio uti wa mgongo wa pambo lako. Uchore kwa bega, si kwa vidole. Mkono ukisita katikati, wimbi linapata goti, na goti hilo litaonekana hata ukilifunika kwa majani kumi. Futa urudie. Mimi huwarudishia wanafunzi hatua hii mara tano au sita kabla ya kuwaruhusu waendelee, na hakuna hata mmoja aliyejuta.

3. Toa mikunjo. Ndani ya kila duara, chipusha tawi kutoka kwenye wimbi na ulikunje kama konokono mizunguko miwili. Kosa kubwa liko hapa: tawi kuchomoka kwa pembe kama msumari uliogongwa ubavuni. Tazama kijito kinavyoingia mtoni. Kwanza kinakwenda sambamba na mto, kisha kinaungana nao taratibu. Tawi lako litoke hivyo hivyo. Mkunjo wa kwanza ukizunguka kulia, wa pili uzunguke kushoto, wa tatu kulia tena. Na kadiri unavyokaribia kitovu, shina lipungue unene.

4. Vika majani. Jani la Kibaroki ni akanthusi, mmea wa pwani za Mediterania ambao Wagiriki na Warumi waliuchonga kwenye vichwa vya nguzo. Picha yake hufundisha kidogo kuliko jani la kushika mkononi. Nenda kachume jani la mshelisheli. Ukubwa wake, mipasuko yake mirefu, na uti wake mnene vinalifanya kuwa mwalimu mzuri sana wa jambo hili. Liweke mezani lianze kunyauka kidogo. Baada ya saa chache ncha zitajikunja zikuonyeshe mgongo wa jani, na huo mkunjo wa ncha ndio unaolipa jani la Kibaroki uhai wake.

   Anza na uti wa katikati. Kisha gawanya jani katika mafungu matano au saba kwa mistari mepesi. Kati ya fungu na fungu acha tundu dogo lenye umbo la chozi. Wachongaji huliita jicho. Kutoka kila jicho vuta mshipa ushuke hadi chini ya jani, ukiukaribia uti bila kuukata. Mishipa yote irudi nyumbani, shinani. Mishipa ikiishia hewani, jani linageuka unyoya.

   Jani la kwanza huwekwa pale tawi linapochipuka, likilizunguka tawi kama ala ya kisu. Hiyo ala hufunika maungio na kumfanya mtazamaji aamini kwamba mmea umeota kweli. Mengine weka upande wa nje wa mkunjo. Upande wa ndani uachie nafasi, ua linakuja.

5. Sasa weka maua. Matatu yanatosha, moja katika kitovu cha kila mkunjo. Kabla ya petali, chora umbo la msingi: waridi ni mpira, tulipu ni kikombe, yungiyungi ni tarumbeta. Ligeuze umbo hilo upande unaotaka, ndipo ulivike petali. Jambo ninalolipenda zaidi kwa Monnoyer ni kwamba hakuyapanga maua yake yote yatutazame usoni. Kuna linaloinama, kuna linaloonyesha kisogo na kikonyo chake, kuna tulipu iliyokomaa hadi petali moja imelegea nje. Fanya hivyo: ua moja mbele, moja ubavu, moja kisogo. Chora kutoka ua halisi kila unapoweza. Waridi la bustanini lililofunguka jana linatufaa kuliko picha yoyote.

   Ukichora tulipu, unaweza kuipa michirizi kama ndimi za moto kwenye petali. Tulipu za namna hiyo zilipapiwa mno Uholanzi hadi bei zake zikaporomoka mwaka 1637, na leo tunajua michirizi ile ililetwa na virusi. Kwa sindano ni raha kuichora.

6. Andaa bamba. Piga tupa kingo zote nne za perspeksi kwa mteremko wa nyuzi 45, kisha laini kwa msasa. Vaa miwani na funika pua. Vumbi lake ni kali. Usiruke hatua hii. Ukingo mkali hukata karatasi na blanketi ya mashine, na blanketi ni ghali.

   Bandika mchoro wako chini ya bamba, uso wa mchoro ukitazama chini, kisha ushike dirishani au juu ya taa uone mistari inavyopenya. Kama karatasi yako ni nzito, nakili kwanza kwenye karatasi nyembamba. Ukifanya hivi, bamba litakuwa kinyume na chapa itatoka sawa na mchoro wako. Wanaobandika uso juu ndio wanaoniuliza kwa nini mkunjo umehamia upande wa pili.

7. Kwaruza mistari ya mipaka. Shika sindano wima kama kalamu na uivute kuja kwako. Mkono wa pili uwe nyuma ya sindano siku zote, kamwe usiwe mbele. Sindano ikipita inafanya vitu viwili kwa pamoja: inachimba mfereji na inainua tuta ubavuni mwake, kama jembe shambani. Wino utakaa mferejini, lakini mwingi zaidi utanaswa na tuta. Tuta ndilo linalotoa ule weusi laini kama mahameli. Kwa hiyo usilipanguse kwa kidole wala kulisugua. Mara kwa mara weka karatasi nyeusi chini ya bamba, ulinamishe kuelekea dirisha; matuta yatang'aa meupe na utaona wapi umesahau.

   Fuata mpangilio ule ule: wimbi, matawi, majani, maua. Mashina yakandamize, petali ziguse tu. Mstari ulio upande wa kivuli pitisha sindano mara mbili au tatu.

8. Tia kivuli. Hapa ndipo pambo linapoinuka kutoka kwenye karatasi, kwa hiyo usiharakishe. Amua nuru inatoka wapi. Mimi huiweka juu kushoto kwa mchoro, na naichora kama mshale mdogo pembeni ili nisisahau. Kisha jipe rangi tatu tu. Ya kwanza ni karatasi tupu, kwa sehemu zinazopigwa na nuru. Ya pili ni mistari ya upande mmoja. Ya tatu ni mistari ya kukatizana, kwa mashimo: chini ya ncha ya jani iliyojikunja, ndani ya macho ya jani, na pale shina linapopita nyuma ya jingine.

   Mistari ifuate umbo. Kwenye shina iwe kama pete zinazolizunguka. Kwenye petali itoke kitovuni kuelekea ukingoni. Mistari iliyonyooka kama mvua huua mviringo wote ulioujenga. Inapokatizana, ikatizane kwa mshazari, upate vijumba virefu kama jicho la kitambaa kilichovutwa. Ikikatizana mraba inafanana na wavu wa goli.

   Wachoraji wa zamani walitaka mstari uvimbe katikati na kukonda mwishoni. Kwa sindano kavu unaupata kwa mkono: anza bila uzito, kandamiza katikati, achia polepole. Fanyia mazoezi kwenye kona ya kipande kingine cha perspeksi kwa robo saa kabla ya kugusa kazi yako.

   Nyuma ya pambo usitie kitu. Watu wengi huogopa nafasi nyeupe wakaijaza vitone. Iache.

9. Lowesha karatasi. Izamishe kwenye beseni dakika 20 hadi 30. Itoe, iache ichuruzike, kisha ilaze kati ya taulo mbili na uikandamize. Inatakiwa iwe na ubaridi wa unyevu bila maji yanayong'aa juu. Ishike karibu na mwanga: iking'aa, bado ina maji mengi.

10. Paka wino na ufute. Kwa kadi laini ya plastiki au kipande cha kadibodi, sukuma wino ndani ya mistari kutoka pande zote, bila kukwangua kwa nguvu. Kunja shashi iwe kifundo na ufute kwa mizunguko mepesi, ukigeuza kifundo kila kikijaa. Mwisho chukua karatasi ya gazeti, ilaze bapa juu ya bamba, na uipitishe kwa kiganja mara chache. Usifute hadi plastiki iwe kama kioo. Utando mwembamba wa wino hulipa pambo joto. Ila sehemu za nuru kali, yaani mgongo wa jani na mdomo wa petali, zipitie kwa pamba iliyozungushiwa kijiti. Futa kingo zote nne zibaki safi.

11. Chapa. Weka bamba kwenye kitanda cha mashine likitazama juu, juu yake karatasi, kisha blanketi. Zungusha kwa mwendo mmoja bila kusimama. Inua karatasi kwa kona, polepole.

    Kama huna mashine, tumia karatasi nyembamba yenye nguvu, ilowe kidogo tu, funika kwa karatasi ya kuokea mikate, kisha sugua kwa mgongo wa kijiko sentimita kwa sentimita. Chapa itakuwa hafifu, lakini utaiona kazi yako. Njia nyingine ni kuchora kwenye upande wa ndani wa pakiti ya maziwa iliyokatwa na kunyooshwa, kisha kuipitisha kwenye mashine ya nyumbani ya kutengenezea tambi. Perspeksi usiipitishe humo; itavunja meno yake.

12. Safisha. Mafuta ya kula na kitambaa, halafu sabuni kidogo. Usitumie petroli wala tina kwenye chumba kilichofungwa. Vitambaa vyenye wino wa mafuta ya kitani usivirundike: vinaweza kujichoma vyenyewe. Vitandaze vikauke nje, au uviloweshe maji kabla ya kuvitupa.

Mambo yakienda kombo

*Chapa nyeusi kila mahali.* Hukufuta vya kutosha, au wino ni mwepesi. Ongeza unga wa chaki kidogo kwenye wino, na ubadilishe shashi. Iliyojaa wino hurudisha wino badala ya kuutoa.

*Mistari mikuu ipo, ile myembamba haipo.* Ama karatasi ni kavu, ama mgandamizo ni mdogo. Badilisha kimoja kwanza, uchape, kisha kingine; ukivibadilisha vyote kwa pamoja hutajua tatizo lilikuwa wapi.

*Wino umevuja kando ya mistari.* Karatasi ilikuwa na maji mengi, au mashine imekazwa mno.

*Pambo linaonekana limelala.* Rudi hatua ya 8. Mara nyingi vivuli vyote vina uzito mmoja. Chagua mashimo matano yaliyo ndani kabisa, yakatize tena mpaka yawe meusi kweli, uchape upya kabla ya kugusa kingine.

*Majani yanaonekana yamebandikwa.* Angalia maungio. Karibu kila mara utakuta ala haipo, au mishipa haifiki shinani. Kwa bahati nzuri jambo hili hurekebishika kwenye bamba: ongeza jani dogo juu ya ungio.

*Nimekwaruza pasipostahili.* Sugua mahali hapo kwa mgongo wa kijiko cha chuma mpaka lile tuta lilale, kisha futa wino vizuri sehemu hiyo kila unapochapa. Mkwaruzo mrefu ugeuze kikonyo.

*Chapa za mwisho zimefifia.* Matuta yamelala. Kila kupita kwa mashine huyakandamiza. Kwenye plastiki tegemea chapa nzuri kama 10 hadi 15. Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, aliipenda sindano kavu katika miaka hiyo hiyo ya 1600, lakini wachapaji wa mapambo walihitaji bamba la kuuza nakala nyingi, hivyo wakabaki na asidi na kisu. Andika namba kwa penseli chini ya kila chapa, 1/10, 2/10, uone weusi unavyopungua. Ukitaka kuyainua matuta, pitisha sindano tena kwenye mistari ya kivuli peke yake. Petali usiziguse: mstari mwembamba ukipitiwa mara ya pili huwa miwili.